MJADALA: Savannah ilinde sura ya majengo au vipimo vya viwanja?

Wakuu salaam,

Naleta hoja inayowagawa watu wa Savannah, jimbo la Georgia nchini Marekani, kila hoteli kubwa inapoombewa kibali katikati ya mji mkongwe. Tulinde mwonekano wa majengo, au tulinde ukubwa wa viwanja na njia zake? Mimi nasimama na viwanja.

James Oglethorpe, mwanzilishi wa koloni la Georgia, aliupima mji ule mwaka 1733. Kila mtaa ulizunguka bustani ya wazi: viwanja 40 vya nyumba, kila kimoja futi 60 kwa 90, na vinne vikubwa kwa ajili ya makanisa na majengo ya umma. Mji ulipokua, kipimo kilirudiwa mpaka bustani zikafika 24. Zimebaki 22. Ukitembea pale unapita kivuli cha mialoni, halafu jua, halafu kivuli tena, na karibu kila mlango ni wa nyumba nyingine.

Mwaka 1954 soko la mji pale Ellis Square lilivunjwa ili kujengwa maegesho ya ghorofa. Mwaka uliofuata Davenport House, nyumba ya 1820, nayo ilikuwa iende. Wanawake saba wakasimama, ikanunuliwa, na ndipo likazaliwa shirika la uhifadhi la Historic Savannah Foundation. Ellis Square yenyewe ilisubiri hadi 2010 kuwa bustani tena, magari yakahamishiwa chini ya ardhi.

Siku hizi hatari imebadili nguo. Hoteli moja inameza kitalu kizima, inaziba kichochoro cha nyuma, kisha inavalishwa matofali na madirisha marefu ili ifanane na majirani. Nionavyo, nyumba ya kisasa kabisa, ya kioo, ikikaa ndani ya futi zake 60, haiudhuru mji kiasi hicho. Mwaka 2018 National Park Service, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia hifadhi na maeneo ya kihistoria, ilishusha hali ya mji mkongwe, lenye hadhi ya kitaifa tangu 1966, ikasema liko hatarini.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, mji wa watu karibu 148,000 hauwezi kula historia. Hoteli zinaajiri. Na hizo nyumba zilizokarabatiwa vizuri, nyingi bei yake haishikiki, nyingine wanalala watalii. Unamlindia nani?

Mchangiaji wa pili: Mimi naona wote mmeruka jambo. Matofali ya kijivu mnayoyasifia Savannah, mengi yalifyatuliwa na watumwa katika shamba la Hermitage kando ya mto. Georgia ilikuwa imepiga marufuku utumwa mwaka 1735, ikauruhusu 1751. Na mwaka 1963, miaka michache tu baada ya hao wanawake saba, kituo cha reli cha Union Station kilibomolewa kupisha barabara ya juu ya I-16, barabara kuu ya magari, na biashara za Weusi za mtaa wa West Broad Street zikadhoofika. Mbona huko uhifadhi haukufika? Hata jina la Calhoun, mtetezi mkubwa wa utumwa, lilikaa kwenye bustani mojawapo mpaka 2022, na 2023 ndipo akapewa heshima Susie King Taylor, mwalimu aliyezaliwa utumwani.

Mwanzisha mada: Mchangiaji wa pili, hoja yako naibeba yote, na inanitia nguvu. Waliolinda walichagua nyumba nzuri, moja moja. West Broad haikuwa kwenye orodha yao. Kanuni ya vipimo ingemlinda fundi viatu sawasawa na tajiri, kwa kuwa haiulizi jengo ni zuri kiasi gani.

Kwa wa kwanza: ajira sizipingi, hoteli ndogo nazo zinaajiri. Lakini kitalu kikishakuwa mali ya mwekezaji mmoja, mwenye duka dogo hapati tena pa kununua. Bei haitashuka kwa kanuni ya viwanja pekee, hilo linahitaji sheria ya kudhibiti nyumba za watalii, nami naiunga mkono.

Ninachodai ni hiki: kibali chochote kifuate mistari ya viwanja vya zamani, vichochoro visiuzwe, na siku barabara ile ya I-16 ikiondolewa, ardhi yake ikatwe vipande vidogo, na familia zilizohamishwa zipewe nafasi ya kwanza kununua. Anayepinga aseme kipi kati ya hivyo hakitekelezeki.