Msonge wa bustanini England: urefu wa paa hupimwa kuanzia wapi?

Mchora Ramani, Iyumbu
Ndugu zangu, salaam. Dada yangu anayeishi England ameniomba nimchoree banda la bustani lenye pande nane na paa la nyasi lililochongoka, mfano wa msonge. Kanuni za huko zinasema kwamba, bila kuomba kibali, banda lenye paa la miteremko miwili lisizidi mita 4, paa la aina nyingine mita 3, na ukingo wa chini wa paa mita 2.5. Banda langu lina mita 3.9 nikipima upande wa juu wa bustani, lakini ardhi inateremka, hivyo upande wa chini ni mita 4.4. Liko mita 1.5 kutoka uzio wa jirani. Je, msonge unaingia kundi gani, na kipimo kinaanzia wapi?

Fundi Paa, Nzuguni
Kipimo huanzia ardhi iliyo juu zaidi kandokando ya jengo, kwa hiyo hesabu yako ni 3.9. Kuhusu umbo, mwongozo wa serikali yao unaliruhusu paa lenye miteremko pande zote nne lifike mita 4 vilevile. Kwa maoni yangu pande nane zina hoja hiyohiyo, ingawa ni afadhali dada apate jibu la maandishi kutoka halmashauri yake kabla ya kununua mbao. Kinachokukwamisha ni uzio. Jengo likiwa ndani ya mita 2 kutoka mpakani, lote halitakiwi kuzidi mita 2.5, liwe duara au mraba. Nyasi zinahitaji mwinuko wa karibu nyuzi 45 ili maji yateremke upesi. Ukilishusha paa kiasi hicho, ama litavuja, ama dada ataingia ameinama. Lisogeze.

Mama Ilazo
Angeomba tembe ya Kigogo, yenye paa bapa la udongo, mjadala huu usingekuwepo! Ila vipimo hivyo usimpe mteja wa hapa. Tangu CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu hapa Dodoma, ivunjwe mwaka 2017, kibali cha ujenzi tunaomba Halmashauri ya Jiji, na michoro hutangulia msingi.

Mchora Ramani, Iyumbu
Nashukuru. Nimelisogeza hadi mita 2.3, nikipima kuanzia ncha za nyasi zinazoning'inia badala ya ukutani, na nimemwomba dada apigilie kigingi upande wa juu ili fundi wake asikosee pa kuanzia.