Asilimia 30 ya zabuni kwa vikundi: inatubeba au inatufilisi?

Fundi cherehani, Ngarenaro: Wakuu, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inataka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Zabuni zote ziko NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Safi. Ila kikundi chetu kilipata oda ya sare, kitambaa tukachukua kwa mali kauli, tukakesha tukishona, mzigo ukapokelewa na kusainiwa. Hela? Kila tukienda tunajibiwa "iko kwenye mfumo". Mwenye duka hajui mfumo, anajua deni lake. Nasema bila kulipana mapema, hiyo asilimia 30 ni ya wenye mtaji. Nipingeni.

Msindika viungo, Moshi: Nakupinga, ndugu yangu. Halmashauri inatoa mikopo isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Kopeni huko mnunue kitambaa taslimu.

Fundi: Dada, marejesho yanaanza, malipo ya sare bado. Nimlipe nani kwanza?

Dereva, Sakina: Hamjagusa penyewe. Vikundi vingine ni kivuli tu. Tajiri anatoa mtaji, wanachama wanatoa majina na sahihi, wanaambulia posho. Na serikali ikichelewesha malipo ndiyo inamnenepesha tajiri huyo, maana yeye pekee anaweza kusubiri.

Msindika viungo: Hapo kweli. Mimi zabuni nimeachana nazo, nauza Taveta, Kenya, kupitia mpaka wa Holili. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka Afrika Mashariki, ushuru wa forodha haulipi. Serikali ikitaka kunisaidia, iweke mtu pale mpakani wa kunielekeza vibali, maana nisipojua kimoja tu, vishoka wananila. Alama ya ubora ya TBS nilianzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa barua, walinisaidia, sitawasema vibaya.

Afisa manunuzi (mstaafu): Tuwe wakweli, mara nyingi afisa hana hila. Bajeti imepitishwa, fedha hazijashuka.

Fundi: Basi mzee wangu, kama fedha hazijashuka, LPO, hiyo hati ya oda, mnampa mshonaji ya nini? Mpeni mwenye ghala, yeye atasubiri. Sisi tupeni oda ndogo ambayo hela yake ipo tayari, hata iwe ya mashati hamsini.