Lava wa mbu na lava ya Menengai: neno moja au mawili?

Mama Imani, Nakuru
Hamjambo? Naomba msaada. Jana jioni binti yangu wa gredi ya tano alienda kuteka maji kwenye pipa la mvua nyuma ya nyumba. Kikombe kikagonga pipa, na vile vidudu vilivyokuwa vimening'inia juu, vichwa chini, vikazama vyote kwa kujinyonganyonga. Nikamwambia hao ni lava wa mbu. Akanitazama: "Mama, si lava ni yale mawe meusi ya volkano ya Menengai?" Nikakosa jibu. Neno ni moja au ni mawili? Sitaki kumdanganya mtoto.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega
Mama Imani, ni mawili, wala hayana undugu. La volkano limetoka Napoli, Italia, na wengi hulirudisha kwenye kitenzi cha Kilatini *lavare*, kuosha. Wenyeji waliita *lava* maji ya mvua yanayofurika barabarani, kisha wakaupa jina hilo mto wa moto wa volkano yao, Vesuvius.

La mdudu Kiingereza huliandika kwa r, *larva*. Sisi r hiyo tumeimeza, ndipo yakagongana. Kwa Kilatini *larva* ni mzimu, tena ni kinyago. Linnaeus, yule Mswidi wa karne ya 18 aliyepanga majina ya viumbe, ndiye aliyewapa wadudu neno hilo: mdudu mchanga amevaa kinyago, sura ya mbu haionekani. Hatua inayofuata ni *pupa*, yaani mwanasesere. Mdudu kamili ni *imago*, sura yenyewe. Nilifundisha miaka mingi nikiwakaririsha watoto maneno haya matatu bila kuwaambia kwamba ni hadithi moja. Hilo linaniuma.

Na sarufi yetu imeshayatenga: umeandika lava *wa* mbu, lava *ya* Menengai.

Mvuvi wa Dunga, Kisumu
Huku ni viluwiluwi tu, hakuna utata. Ila vitoto vya chura navyo ni viluwiluwi.

Mama Imani, Nakuru
Asante sana, Mwalimu. Kumbe mzimu! Nyanya yake huuita Menengai Kirima kia Ngoma, mlima wa mizimu, kwa hiyo mtoto alishtuka kusikia mzimu uko kwenye neno la mbu, si la mlima. Pipa tumelimwaga. Kiluwiluwi kimoja amekiweka kwenye gilasi, nami nimeifunika kwa kipande cha neti. Anataka kukiona kikivua kinyago.