Naomba ushauri: skana, 5G na miwani ya VR kwenye uchunguzi wa jinai

Wadau, salamu kutoka Malindi. Mimi ni mpima ardhi, natumia droni na skana ya leza. Tangu 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 kule msitu wa Shakahola, Kilifi, jambo moja halinitoki: kaburi likishafukuliwa halirudi lilivyokuwa. Kina chake, udongo, jinsi mwili ulivyolala, vyote hubaki kwenye picha na michoro. Skana ingeweka vipimo, na mtaalamu aliye Nairobi angevaa miwani ya VR (inayomzungushia mvaaji picha pande zote) akalizunguka shimo kana kwamba yupo.

Nataka kuingia kazi hii, ila nimekwama. Faili za skani ni gigabaiti kwa gigabaiti, na huko porini mtandao ni wa kubahatisha. 5G (mtandao wa simu wa kizazi cha tano) sifa yake ni kasi na kutochelewa, jambo linalohitajika picha za miwani zikija kwa mtandao, maana kichwa kikigeuka picha ikabaki nyuma, mvaaji hupata kizunguzungu. Je, kuna haja ya kurusha skani mtandaoni moja kwa moja, au niihifadhi kwenye diski, nitoe hashi palepale (alama ya tarakimu inayoonyesha kama faili limebadilishwa), nitume nikifika mjini? Mimi naegemea diski. Vijana wangu wananicheka.

La pili, mahakama. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka cheti kwa kumbukumbu za kielektroniki. Nitie saini mimi niliyeskani, au aliyeunda modeli ya 3D kutokana na skani? Na pale programu inapojaza kwa kukisia sehemu ambayo leza haikufika, hakimu ataonyeshwaje? Waliowahi kusimama kizimbani na ushahidi wa namna hii, nielekezeni. Miwani sijanunua bado.