Panga la mathenge na la mikokoni: nichukue lipi?

Mwana Kipini
Assalaam aleikum ndugu zangu. Shamba letu liko upande wa Garsen na mathenge, miti ile ya miba, yamelivamia. Huku Kipini tena nina kikundi cha kupanda mikoko, tunasafisha njia za mitumbwi na kutoa matawi makavu. Panga langu ni jembamba la nchi 18. Kwa nyasi halina neno, lakini likigonga mathenge linaruka na mkono unakufa ganzi hadi kiwikoni. Nimepata matatu ya kuchagua: pana la ncha iliyopinda, la chuma kisichoshika kutu, na la springi ya gari ambalo mhunzi yuko tayari kunifulia. Nisaidieni.

Mzee wa Hola
Wa aleikum salaam mwanangu. Chukua la springi. Mathenge yanakatwa na uzito, nguvu zako ni za kulielekeza panga tu. Mkono wa kushoto shika upembo, kijiti kile chenye ndoano, livute tawi, ndipo upige. Usilishike kwa kiganja, miba ile inatoboa hata tairi la baiskeli. Na ukimaliza, kisiki king'oe kwa sururu mpaka chini ya udongo. Ukikiacha kitachipua matawi mengi kuliko uliyoyakata.

Binti Matondoni
Shikamoo mzee. Kwa shambani nakuunga mkono, ila mikokoni la springi asiende nalo. Ukiwa umezama kwenye tope la magoti huna pa kujikita, na pigo likikosa, ule uzito unakuvuta pamoja nalo. Marehemu baba alikata boriti miaka mingi, na mti aliuangusha kwa shoka. Panga lilikuwa la kupogoa tu, jepesi, la nchi 16.

Adui wa makali kule ni chaza. Wameganda kwenye mizizi ya mkoko, wamefunikwa na tope, huwaoni. Pigo moja tu na panga linapata pengo la kuingia ukucha. Kwa hiyo usikate chini ya alama ya maji kujaa.

La chuma kisichoshika kutu nilikaa nalo mwaka mzima. Kutu kweli sikuiona, lakini makali yalikuwa yanalala kabla ya adhuhuri. Bora la chuma cha kawaida, ukirudi ulioshe kwa maji ya kisima, ulikaushe, ulipake mafuta ya nazi. Usisahau ribiti, zile pini zinazoshika mpini: chumvi inaingia kati ya mpini na chuma, inakula ndani kwa ndani, siku moja panga linakuruka mkononi. Ala ya ngozi iache nyumbani, inatunza maji ya chumvi. Mimi natumia kipande cha bomba la plastiki nilichokipasua.

Na tawi bichi la mkoko lisikatwe bila kibali cha KFS, shirika la misitu la Kenya.

Mrufiji
Huku kwetu Rufiji lile pana la ncha iliyopinda linafanya kazi zote mbili. Siri ni unoaji: karibu na mpini tupa ilale, upate makali membamba ya vijiti, pale kwenye tumbo inyanyue tupa kidogo, makali yabaki manene ya kupigia mti mgumu kama mkandaa.

Mhunzi
Ndugu Kipini, kabla hujatoa pesa muulize fundi analizima vipi likitoka motoni. Springi ikizimwa kwa maji huweza kupasuka. Izimwe kwa oili. Kisha airudishe motoni polepole mpaka chuma kiwe na rangi ya zambarau inayoelekea buluu. Akiruka hatua hiyo, siku ya kwanza kwenye mathenge litavunjika kama kigae.

Mwana Kipini
Shukrani sana wazee wangu, na dada yangu wa Matondoni. Nimetoka kwa mhunzi sasa hivi, karai la oili nimeliona kwa macho yangu, hivyo la springi litakuwa la shambani. La mikokoni nitachukua lile pana, nchi 16, nilinoe kama alivyosema Mrufiji. Mrufiji, tupa yako ni bapa au ya mviringo?