Eneo la wazi ufukweni Mwanza: tumwite mchongaji au msanifu majengo?

Kijana wa Igogo:
Wakuu habari zenu. Mtaani kwetu kuna kieneo kimebaki kati ya mawe na ziwa, kamati inataka pawe pa kupumzikia. Mmoja anataka sangara mkubwa wa zege kama wa kipilefti cha samaki mjini, mwingine anataka pevingi na mabenchi, mwingine anasema bila msanifu majengo hakuna kitu. Mimi naona ni kazi moja. Kuna msanii aliyewahi kufanya yote hayo pamoja, nikamwonyeshe mwenyekiti mfano?

Penseli na Rula:
Mtafute Isamu Noguchi mkuu. Alizaliwa Marekani 1904, baba Mjapani mama Mmarekani, mchongaji wa mawe kabisa ila alibuni pia meza, taa za karatasi, bustani, viwanja vya watoto. Kwake sanamu si kitu cha kuzungushia uzio watu wakiangalie kwa mbali, ardhi yenyewe ndio sanamu na mtu anatembea juu yake. Mwaka 1933 alibuni kilima kizima cha kuchezea watoto wa New York, wakubwa wa jiji wakakikataa. Hakuacha. Mwaka 1988 Sapporo kule Japani wakampa eneo lililokuwa dampo la taka, akachora bustani ya Moerenuma, akafariki mwaka huohuo, wenzake wakaimalizia na 2005 ikafunguliwa yote, na kile kilima cha kuchezea kimo humo. Naipenda sana hiyo kazi.

Fundi Mawe:
Huyohuyo Noguchi alisafirisha mawe kutoka Japani mpaka New York na Paris kupamba bustani, sisi tunayo bure halafu tunachoma matairi juu yake yapasuke tupate kokoto!! Inaniuma kweli. Kijana, angalia hapo kwenu kama kuna jiwe watoto wanateleza na kipande cha dumu, utaliona limeng'aa mstari mmoja katikati, basi hapo ndio pa kuanzia, chini yake mwaga mchanga wa kutosha wasiumie. Noguchi alichonga jiwe jeusi la kuteleza watoto, liko katikati ya Sapporo. La kwenu limeshachongwa na matako ya watoto, msiliguse nyundo. Sangara wa zege mimi simuungi mkono, tunaye mmoja mjini anatosha.

Mama Dagaa:
Naongezea, kabla ya kuchora chochote pimeni umbali. Sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, muulizeni afisa mazingira mapema. Na maji yanapanda jamani, 2020 na 2024 tuliona wenyewe, pevingi ya chini itaenda na maji. Mabenchi yakae juu kwenye mawe, na miti ipandwe, jua la saa nane mchana hakuna atakayekaa kwenye benchi hata liwe zuri vipi. Mama lishe nao wapangiwe sehemu yao kwenye mchoro, msije mkawafukuza baadaye.

Kijana wa Igogo:
Asanteni sana. Jiwe la watoto lipo, lile la kushoto ukishuka. Kesho naazima futi kamba nipime kutoka kwenye maji mpaka hapo halafu naweka picha humu. Fundi Mawe, huo mchanga unene kiasi gani?

Fundi Mawe:
Futi moja kamili, mchanga wa ziwa uliochekechwa, na kila baada ya mvua urudishiwe.