Mrejesho: ile bagi (hitilafu) ya wateja 20 kurudi pungufu

Wakuu narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini nikivuta wateja 20 pamoja na oda zao kwa kweri moja (ombi la data kwa database), ile fremuweki ya kuunganisha programu na database inaniletea wateja wachache, na kama nisubiri toleo lake jipya.

Sababu imepatikana. Ukifanya join (kuunganisha jedwali la wateja na la oda), mteja mwenye oda 5 anatokea mistari 5, sasa LIMIT ya SQL (amri ya kuweka kikomo kwenye lugha ya database) inahesabu mistari sio wateja, so mistari 20 inaisha mapema na fremuweki ikiikusanya kuwa objekti (kila mteja na oda zake) unabaki na watu kidogo, tena wa mwisho anaweza kuja na oda nusu, na hili ndo limeniuma zaidi maana ripoti inaonekana nzima kumbe data imekatwa.

Nimeigawa kweri mara mbili: kweri ya kwanza inachukua ID 20 tu, ya pili inaleta hao na oda zao kwa IN (yaani wenye ID zilizo kwenye orodha hiyo), ORDER BY (amri ya kupanga mfuatano) weka kwenye zote mbili. Inapiga kazi safi.

Kuhusu toleo, wanaoitunza fremuweki wameikubali bagi ila wameisogeza toleo kubwa lijalo, kwa sababu marekebisho yanabadilisha majibu ya kweri ambazo watu wameshazizoea. Naona wako sahihi, toleo dogo halitakiwi kumbadilishia mtu matokeo. Ila onyo kwenye logi (kumbukumbu ya kinachofanywa na programu) lingeweza kuja hata sasa, nimewaomba hilo na nimewatumia testi inayoonyesha tatizo.

Asanteni sana mlionambia niwashe logi ya SQL, hapo ndo nilipoona kila kitu.